KONA YA MWALIMU: Sketi ya wanaume, na marafiki wanaopatikana ndani yake

Walioniuliza kuhusu masomo ya jioni, majibu yenu nimeshayabandika ubaoni pale shuleni, kwa hiyo leo sitayarudia. Leo tuzungumze habari ya nguo.

Swali lilitoka darasa la sita. Kuna kalenda ya zamani tuliyokuwa tunaikata kwa ajili ya kufunika madaftari, na ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya wanaume kama kumi wamesimama mstari mmoja. Wana ndevu, wana miguu minene ya watu wa kazi, na wote wamevaa sketi! Sketi ya mirabamiraba, ina mikunjo nyuma, inafika magotini. Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa hawaoni aibu?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu, ni marefu kuliko alivyotaka.

Nguo ile inaitwa kilti. Ni ya Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa Uingereza, na ni nguo ya kiume kabisa. Mwanamume wa Uskoti anaivaa siku ya harusi yake, siku ya kumzika baba yake, na siku timu ya taifa inapocheza. Ile mistari inayokatana na kufanya miraba inaitwa tartani. Kilti nzuri inakula kitambaa cha sufu cha yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, na karibu chote kinaishia kwenye mikunjo ya nyuma. Mbele pako bapa, pande mbili zinalaliana, zinafungwa kwa mikanda midogo ya ngozi kiunoni. Haina mifuko, ndiyo maana wanavaa mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele. Fundi anashona mikunjo kwa mkono, siku nzima na zaidi. Bei yake si mchezo, na kwa sababu hiyo wengi wanakodi tu siku ya sherehe. Ila mwenye kuinunua anaweza kumwachia mwanawe, maana mtu akinenepa unasogeza vifungo na maisha yanaendelea.

Sasa nirudi kwenye aibu, maana hapo ndipo nilipopapenda.

Zamani kilti ilikuwa ya watu wa milimani tu, kule kaskazini mwa Uskoti. Waskoti wa mabondeni waliwaona wale wa milimani kama watu wa porini. Basi mwaka 1746, baada ya watu wengi wa milimani kupigana upande wa mwana wa mfalme aliyetaka kiti cha enzi na kushindwa katika vita vya Culloden, serikali ya London ikatunga sheria. Mwanamume au mvulana wa Uskoti akikamatwa amevaa kilti au nguo za milimani, jela miezi sita. Akirudia, anapelekwa ng'ambo ya bahari miaka saba. Wanawake hawakuguswa na sheria ile, na askari waliokuwa katika jeshi la mfalme waliruhusiwa. Kwa maneno mengine, nguo ya baba yako uliweza kuivaa ukikubali kumpigania yule aliyeikataza. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotungwa alikuwa mtu mzima wa miaka 36, pengine na watoto wake, na hajawahi kumwona baba yake amevaa kilti mbele za watu.

Wakati huohuo watu wakaanza kuondoka. Mwaka 1773 meli inayoitwa Hector ilitoka Uskoti na karibu watu 200, wengi wao wa milimani, kwenda Nova Scotia ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Njiani ndui na kuhara vikaingia, watu 18 wakafa, wengi wao watoto. Walifika mwezi wa Septemba, baridi inakaribia, na chakula hakuna. Wenyeji wa pale, watu wa kabila la Mi'kmaq, waliwasaidia kuupita msimu ule wa kwanza. Sihitaji kuwaeleza wazazi wa kambi hii maana ya kufika ugenini umezika mtoto njiani. Baadaye, miaka ya 1800, wenye ardhi wakubwa walifukuza familia nyingi kutoka mabonde ya milimani ili wafuge kondoo. Bonde la Strathnaver liliondolewa watu mwaka 1814 na tena mwaka 1819, na nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Kwa hiyo hao tunaowacheka kwenye kalenda wana babu zao waliopita njia tunayoijua.

Na kabla hata ya hayo Waskoti walikuwa wameanza kutafutana ugenini. Mwaka 1657, huko Boston, Marekani, Waskoti walianzisha chama cha kusaidiana. Wakati ule sehemu zile zilikuwa na Waskoti waliotekwa vitani mwaka 1650 na 1651, wakasafirishwa na kuuzwa kwa mkataba wa kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Chama kilikuwa na sanduku. Wenye uwezo walitia fedha, na Mskoti aliyekwama au aliyeugua akasaidiwa humo. Ndugu zangu wa Kongo mtasema hiyo ni likelemba, lakini likelemba ni zamu kwa zamu, na ile ilikuwa ya aliyeanguka. Chama hicho kipo hadi leo. Mwaka 1747 kikaundwa kingine Philadelphia kwa kazi hiyohiyo. Wale wa kwanza sidhani walivaa kilti kwenye mikutano yao, ila leo ukienda kwenye karamu ya vyama vya namna hii utaona safu nzima ya magoti.

Hapo katikati kuna kichekesho. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alitembelea Edinburgh, na mwandishi Walter Scott aliyepanga sherehe akawataka watu waje na tartani. Mfalme mwenyewe akavaa kilti! Basi kuanzia hapo Waskoti wote, hata wale wa mabondeni waliokuwa wanawacheka wa milimani, wakaifanya yao. Nguo iliyompeleka mtu jela ikawa nguo ya mfalme, na katikati ni miaka 76 tu.

Sasa tuje kwenye urafiki wenyewe. Leo wavaa kilti wametapakaa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Wengi wana babu Mskoti. Wengine wana jina tu la upande wa mama. Na wako wasio na tone la damu ya Uskoti, waliovaa siku moja wakaipenda, basi. Huko Seattle, Marekani, tangu mwaka 2000 kuna watu wanaoshona kilti za kitambaa kigumu zenye mifuko ya kuwekea nyundo na misumari, kwa mafundi. Wazee wa mambo ya asili wengine hawataki hata kuziangalia.

Mtu wa namna hii anaishi katika mji ambao pengine ni yeye peke yake mwenye kilti. Mara ya kwanza anaivaa ndani ya nyumba, anazunguka meza, anavua. Mara ya pili anafika getini. Siku anayotoka kweli, watoto wanamwonyesha kidole, madereva wanapiga honi, na kila mtu anamwuliza swali lilelile: ndani umevaa nini? (Jibu lake siliandiki, jarida hili linasomwa na watoto.) Wengine wanadiriki kumfunua. Jamani, mtu mzima anafunuliwa nguo barabarani halafu watu wanasema ni utani!

Kitakachomwokoa mtu huyu ni mwenzake. Kila mwaka kuna mikutano ya michezo ya milimani, ambapo watu wanatupa magogo, wanacheza, wanapiga zumari za mfuko. Ule wa Braemar kule Uskoti hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Antigonish, Nova Scotia, walianza wa kwao mwaka 1863, na Grandfather Mountain huko North Carolina mwaka 1956. Mgeni anafika pale na kilti yake mpya, anajiona amependeza, kumbe ameifunga chini nyongani kama suruali na inamgonga kwenye miundi. Basi mzee mmoja anamvuta pembeni, polepole, bila kumfedhehesha. "Kijana, ipandishe juu kidogo, karibu na kitovu. Upindo ukae katikati ya goti." Halafu anamwonyesha ile pini ya chini: inachomwa kwenye kitambaa cha juu peke yake. Ukiichoma hadi cha chini, ukipiga hatua ndefu nguo inachanika. Halafu namna ya kukaa: unapeleka mkono nyuma, unailaza mikunjo, ndipo unakaa. Halafu namna ya kumjibu yule mwuliza swali, kwa utani, aende zake bila ugomvi.

Mambo madogo, si ndiyo? Mimi nadhani yote yamo humo. Mwanamume hawezi kumfuata mwanamume mwingine na kumwambia "mimi niko mpweke". Sijui kwenu, kwetu haijawahi kutokea. Lakini anaweza kumwambia "hebu niangalizie hiki kifungo". Mama zetu hapa kambini wana foleni ya bomba, wana kusukana nywele, na habari za nyumba zote zinapita hapo. Kwa wanaume walioacha shamba, duka na nyavu zao, kilichobaki ni bao chini ya mti, na asiyejua bao anabaki mlangoni kwake anahesabu turubai za jirani. Kilti kwa wale wa mbali ni sababu ya kutoka mlangoni.

Na likishakuwepo la kifungo, mengine yanafuata. Angalia bendi za zumari. Bendi inakutana kila wiki kufanya mazoezi, mzee wa miaka 70 anakaa na mtoto wa miaka 12, na mwanafunzi huanza na kifilimbi kidogo cha mazoezi kwa muda mrefu kabla hajakabidhiwa zumari lenyewe. Nyingi kati ya bendi hizo zinawapa wanachama kilti za bendi, kwa hiyo asiye na pesa hasimami tofauti na mwenye nazo. Usipoonekana wiki mbili watauliza. Mwenzao akifariki, wanakwenda na kilti zao wanampigia zumari kaburini. Mtu aliyeingia kwa sababu ya nguo anajikuta ana watu wa kumzika. Wazee wa hapa mnajua uzito wa neno hilo, maana tumeshazika wenzetu ambao hatukujua hata jina la kijiji chao.

Mashabiki wa mpira nao hawako nyuma. Miaka ya zamani mashabiki wa Uskoti walikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1977 waliingia uwanjani Wembley, London, wakavunja magoli na kung'oa majani. Baadaye wakabadilika, na kilti ikawa kama ahadi yao ya kuja kwa amani. Mwaka 1999 walikwenda Sarajevo, Bosnia, vita vikiwa vimeisha miaka michache tu iliyopita, wakamchangia mtoto mmoja aliyepoteza mguu kwa vita. Kutoka hapo ukazaliwa utaratibu wa kuwachangia watoto wenye shida katika nchi ambazo timu yao inakwenda kucheza. Kwa faida ya wapenzi wa mpira: Novemba 2025 waliifunga Denmark 4-2 wakafuzu Kombe la Dunia la 2026, la kwanza kwao tangu 1998. Nawaza tu watu wazima walivyolia siku ile.

Nisije nikawapamba wakaonekana malaika. Kilti ina ugomvi wake. Wako watu wanaozunguka mikutanoni wakiwakosoa wenzao: soksi hizi siyo, tartani hii si ya ukoo wako, mkoba huu ni wa usiku na sasa ni mchana. Wenzao wamewapa jina la polisi wa kilti. Mimi watu wa aina hii siwapendi, na hapa kambini tunao pia, wale wanaojua ngoma ya kwetu ilipigwaje mpaka hakuna kijana anayethubutu kuigusa. Yule mzee anayekuvuta pembeni na huyu polisi wanajua mambo yaleyale. Tofauti ni kwamba mmoja anasema kwa sauti ya chini.

Halafu hizo tartani za ukoo wanazogombania, nyingi zilipangwa na kupewa majina katika miaka ya 1800, baada ya ile ziara ya mfalme, na wafumaji walikuwa na biashara yao ya kufanya. Hilo halinisumbui. Mtu aliyepoteza vya zamani anaruhusiwa kushona vipya. Hata sasa, tangu mwaka 2009, serikali ya Uskoti ina daftari rasmi la tartani, na mtu, chama au mji unaweza kuandikisha ya kwake. Masingasinga wa Uskoti, ambao wazee wao walitoka India, wana tartani yenye jina la Singh tangu 1999, na wanaivaa na kilemba juu.

Hapo inatuhusu. Mwaka 2007 familia za wakimbizi Wakongo zilipokelewa Motherwell, mji ulio karibu na Glasgow, na mwishoni mwa mwaka 2015 familia za Wasyria zikapelekwa kisiwa cha Bute. Serikali ya kule imeanzisha mpango unaowaita wakimbizi Waskoti wapya. Sisemi maisha yao ni asali, baridi ya kule peke yake ni mtihani. Lakini shule nyingi za kule huwafundisha watoto dansi za asili wiki chache kabla ya Krismasi, na dansi zile hazichezwi na mtu mmoja. Kuna mtu anayetangaza hatua kwa sauti: shikaneni mikono, zungukeni, badilishaneni! Unacheza na jirani, dakika moja baadaye umeshaachiwa kwa mwingine, na wimbo ukiisha umeshika mikono ya ukumbi mzima. Usipojua hatua unasukumwa mahali pako, watu wanacheka, unaendelea. Ile kilti yenye mita 7 za kitambaa ndipo inapoonyesha kazi yake, inafunguka kama mwavuli.

Sasa kwako wewe mvulana wa darasa la sita. Uliuliza kama hawaoni aibu. Wengi waliona, siku ya kwanza. Na usifikiri ni mambo ya Wazungu peke yao, maana wanaume wa pwani yetu wanafunga kikoi tangu enzi na enzi, na hakuna anayewauliza kama ni wanawake. Katika bloku yetu yuko mzee aliyetoka ng'ambo ya ziwa, anafunga kikoi chake kila asubuhi kama alivyofunga kwao. Wako vijana wanaompigia mluzi akienda bombani. Siku hizi anamtuma mjukuu wake, yeye hatoki. Nilipita kwake nikamwomba anifundishe kukifunga kisidondoke bila mkanda. Kumbe kuna namna! Unakunja kwa ndani mara mbili upande wa kulia, halafu unaviringisha ukingo wote kuelekea chini. Amekubali kuja darasani Ijumaa ya wiki ya tatu, saa nane mchana, baada ya mgao. Wavulana wote waje, na kila mmoja aje na kitambaa chochote kutoka nyumbani, hata shuka.

Na ninyi wazazi: mwenye kukumbuka nguo ya kwao, ilivyoitwa, ilivyofungwa, nani aliivaa na siku gani, aniletee habari zake shuleni kabla ya tarehe 20 nizipange kwa toleo lijalo. Wasioandika waje wasimulie, nitawaandikia mimi.